Mapango ya Mlima Hoyo

Mtu atokaye Bunia kwenda Komanda husafiri kilometa kama 75 kuelekea kusini-magharibi. Mwanzoni huona vilima vya majani vilivyo wazi, na ng'ombe wakila malishoni. Kisha miti yazidi kusogea karibu na njia, hata akifika Komanda amekwisha kuingia mlangoni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Pale Komanda njia hugawanyika. Moja yaenda magharibi, Mambasa hata Kisangani. Nyingine yaelekea kusini, Luna hata Beni. Afuataye njia ya kusini ana mlima upande wake wa kushoto, mlima uliofunikwa na miti toka chini hata juu. Huo ndio Mlima Hoyo.

Kwa kimo mlima huu hauwezi kujivuna. Kilele chake chafika meta kama 1,450 juu ya bahari, na mji wa Bunia wenyewe umekaa juu ya meta 1,200. Tena upande wa kusini iko Ruwenzori, ambayo kilele chake chafika meta 5,109 na kuvikwa theluji. Basi kwa nini watu wametoka nchi za mbali ili kuutazama Hoyo? Ni kwa sababu ya yaliyomo ndani yake. Mlima huu ni wa mawe ya chokaa, nao una mapango mengi, mengine mafupi kama chumba cha nyumba, mengine marefu hata mwanga wa taa haufiki mwisho wake. Ubavuni mwake maji huporomoka juu ya miamba iliyopangwa kama daraja za ngazi. Wazungu wa zamani wakayaita maporomoko hayo Ngazi za Venus, kwa jina la mungu wa kike wa Warumi wa kale. Jina hilo ni la wageni, wala mtu asidhani kwamba maji yale hayakuwa na watazamaji kabla halijaletwa. Wambuti wa msitu walikuwa wakipita hapo katika kuwinda kwao tangu zamani za zamani.

Wanafunzi wengi wa Ituri wamelisikia jina la Hoyo shuleni, lakini ni wachache waliopata kuingia ndani yake. Somo hili laeleza jinsi mapango yale yalivyofanyika, ni watu gani waliokaa humo kabla yetu, na ni namna gani impasayo mtu aingiaye.

Ni nani aliyechimba mapango?

Mtu akisimama mbele ya pango kubwa hudhani kwamba limechimbwa na mikono yenye nguvu, au limepasuliwa siku moja kwa tetemeko la nchi. Sivyo. Mapango ya Hoyo yamechimbwa na maji ya mvua, yale yale yaangukayo juu ya paa la nyumba na juu ya shamba la mihogo.

Yafaa kuelewa kwanza jiwe lenyewe. Mawe mengi ya Ituri ni mawe magumu ya itale, na mawe yenye chembe zing'aazo kama kioo. Maji hayawezi kuyayeyusha kwa urahisi. Jua huyapasha, usiku huyapoza, mizizi huyapasua, na mwisho mvua na upepo huyachonga kwa nje. Ndivyo yalivyofanyika mawe makubwa ya Kit Mikayi katika nchi ya Waluo, magharibi ya Kisumu, ambayo yamekaa moja juu ya mwenzake kana kwamba yamepangwa na mtu. Lakini jiwe la chokaa lina tabia nyingine. Jiwe hili lilianza kama tope jeupe chini ya bahari ya kale, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, zamani ambazo juu ya nchi kavu hapakuwa bado na mti wala mnyama. Tope lile liliangukiwa na tope jingine, likalemewa, likakauka, likawa mwamba. Kisha ardhi ikainuliwa, bahari ikatoweka, nao mwamba ukabaki juu ya nchi. Basi jiwe la chokaa si gumu kwa kila adui. Adui yake ni uchachu.

Yeyote apendaye kusadiki jambo hili na alijaribu nyumbani. Achukue ganda la yai, kwa kuwa ganda la yai ni chokaa ya namna ile ile, alitie ndani ya kikombe chenye maji ya limau, akae kutazama. Ataona vipovu vidogo vikishika ganda pande zote na kupanda juu. Akibadili maji ya limau na kuacha kikombe siku mbili, atakuta ganda limelegea, au limeliwa kabisa na kubaki utando mwembamba tu. Limau limekula jiwe la yai.

Sasa, maji ya mvua nayo yana uchachu, ingawa ni kidogo sana hata ulimi hauuonji. Yanapoanguka huchukua katika hewa kiasi kidogo cha hewa ya ukaa, ile itokayo puani mwa watu na wanyama wanapopumua. Yanapopenya udongo wa msitu huchukua nyingi zaidi, kwa maana mizizi hupumua, na majani yaozayo hutoa hewa hiyo hiyo. Hivyo maji yafikayo kwenye mwamba yamekwisha kuwa machachu kidogo. Yakikuta ufa mwembamba kama uzi, huingia, hula ukingo wake, hutoka upande wa pili yakichukua chokaa iliyoyeyuka ndani yake. Mwaka wa kwanza hakuna tofauti. Baada ya miaka mia bado jicho halioni kitu. Lakini baada ya miaka elfu nyingi ufa umekuwa njia ya maji, na njia ya maji imekuwa mto wa chini kwa chini. Mto ule ukipata njia nyingine ya chini zaidi huhama, na njia ya kwanza hubaki tupu, kavu, yenye giza. Hapo pamepatikana pango.

Je, jiwe hukua?

Mwalimu akiuliza swali hili darasani, watoto hucheka. Jiwe halili, halizai, litakuaje? Lakini katika mapango ya Hoyo mtu huona mawe yaning'iniayo darini kama mikuki, na mengine yasimamayo chini kama vichuguu, na mahali pengine ya juu na ya chini yamekutana na kuwa nguzo moja. Yale ya juu huitwa stalaktiti, na yale ya chini stalagmiti. Hayo hukua kweli, ijapokuwa si kama mti.

Sababu yake ni hii. Maji yaliyokula chokaa katika mwamba hufika darini mwa pango na kuning'inia kama tone. Yakiwa ndani ya ufa, hewa ya ukaa ilikuwa imefungwa ndani yake. Sasa yamefika mahali penye nafasi, na hewa hiyo hutoka, kama vile itokavyo katika chupa ya limonadi ikifunguliwa. Hewa ikitoka, maji hayana tena nguvu ya kuichukua chokaa yote, nayo huiacha kidogo pale pale darini, kiasi cha pete nyembamba kuliko unywele. Tone huanguka, na pale liangukapo huacha kidogo tena. Tone la pili hufanya vivyo hivyo. Akina mama wa nchi zenye maji ya chokaa waijua kazi hii, kwa kuwa birika zao za chai hushika ganda jeupe ndani, ambalo halitoki kwa kusugua.

Mtu aweza kupima mwendo wa kazi hiyo. Katika mapango mengi ya ulimwengu jiwe la namna hii hurefuka kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, pengine zaidi, pengine pungufu. Kwa kipimo hicho, kipande chenye urefu wa sentimeta 10, yaani urefu wa kidole kirefu, chahitaji miaka kama 1,000. Na kijana mmoja mwenye fimbo aweza kukivunja kwa pigo moja, ili apate kitu cha kuwaonyesha wenzake nyumbani. Akifika nyumbani atakuta jiwe lile limefifia. Kule pangoni liling'aa kwa sababu ya maji, na hapa limekuwa kama kipande cha chaki. Baada ya juma moja watoto hulitupa nyuma ya jiko.

Watu wa pango la Matupi

Kati ya mapango ya Hoyo lipo moja liitwalo Matupi. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Mbelgiji aitwaye Francis Van Noten alichimba humo, si kwa kutafuta dhahabu, bali kwa kutafuta habari za watu wa kale. Kazi ya namna hii haifanywi kwa jembe kubwa. Udongo wa sakafu huondolewa tabaka kwa tabaka, huchekechwa, na kila kitu kionekanacho huandikiwa mahali kilipopatikana na kina chake. Kwani tabaka la juu ni la watu wa karibu, na tabaka la chini ni la watu wa mbali zaidi. Mtu akichimba ovyo huchanganya tabaka hizo, na habari iliyokuwa imeandikwa udongoni yafutika, hata kama vitu vyenyewe anavyo mkononi.

Katika udongo ule palionekana vipande vingi sana vya jiwe jeupe gumu, vidogo hata kupita ukucha, vilivyochongwa kwa makusudi ili viwe na makali. Watu wa zamani walivitia katika vipini vya mti au katika mishale, wapate kukatia nyama na ngozi. Palionekana pia mifupa ya wanyama waliowindwa, na mkaa wa mioto yao, na kipande cha jiwe lililotobolewa tundu. Mawe yaliyotobolewa hivyo hujulikana mahali pengi katika Afrika. Watu wengine walikuwa wakiyavika katika fimbo ya kuchimbia mizizi, ili fimbo iwe nzito.

Ule mkaa ndio uliotaja miaka. Kila mti ulio hai huvuta ndani yake aina moja ya kaboni ambayo hupungua polepole mti ukiisha kufa. Baada ya miaka kama 5,700 nusu yake imekwisha, na baada ya mingine kama hiyo nusu ya nusu. Mtaalamu akipima iliyobaki hujua tangu lini mti ule ulikatwa kuwa kuni. Kwa njia hii ilijulikana kwamba tabaka za chini za Matupi zimepita miaka 40,000. Zamani hizo hapakuwa na Bunia, wala kijiji chenye mashamba mahali popote duniani, kwa maana kilimo chenyewe kilikuwa hakijaanza. Lakini pale Hoyo watu waliketi kando ya moto, mvua ikinyesha nje, wakachonga mawe.

Jambo jingine lastahili kuangaliwa vizuri zaidi. Leo Mlima Hoyo umezungukwa na msitu. Lakini mifupa mingi ya tabaka za kale ilikuwa ya wanyama wa nchi ya majani, siyo ya msitu mnene. Maana yake, kulikuwa na nyakati ambapo mvua ilipungua, msitu ukarudi nyuma, na mlango wa pango ukatazama nchi ya wazi, kama vile vilima vilivyoko karibu na Bunia leo. Baadaye mvua ikaongezeka na miti ikarudi. Watu wengi wadhani kwamba msitu wa Ituri umekuwapo sikuzote vile vile na kwamba hauwezi kwisha. Udongo wa Matupi washuhudia kwamba msitu huu huja na kwenda. Zamani ulikwenda kwa ukame. Katika siku hizi wakatwa kwa msumeno.

Wala Matupi si peke yake. Katika miaka ya 1990 watafiti walichimba chini ya miamba mingine, ndani kabisa ya msitu wa Ituri, wakakuta humo pia vyombo vya mawe vya watu wa kale. Na kusini zaidi, huko Ishango, mahali mto Semliki utokapo katika ziwa Edward, Mbelgiji mwingine, Jean de Heinzelin, aliokota mwaka 1950 mfupa mdogo uliochorwa mistari kwa mafungu, wenye miaka kama 20,000. Wengi wauona kuwa ni chombo cha kuhesabia. Mfupa ule leo uko Brussels. Watoto wa Kongo wautakao kuuona hutazama picha.

Mtu ajifunzaye dini aweza kusumbuka moyoni hapa. Asikia miaka 40,000, asikia miaka milioni 500, naye amefundishwa kwamba Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita. Je, mawe yabishana na Maandiko? Swali hili ni la zamani kuliko misheni zetu. Mtakatifu Agustino, askofu Mwafrika aliyekufa mwaka 430, aliandika kitabu kirefu juu ya mwanzo wa Biblia, akaonya kwamba zile siku si lazima ziwe kama siku zetu za jua kuchomoza na kuchwa, na kwamba ni aibu Mkristo kubishana juu ya nyota na nchi na mtu azijuaye vizuri, hali yeye mwenyewe hazijui. Maandiko yafundisha ni nani aliyeumba, na kwa nini. Habari za umri wa jiwe huulizwa kwa jiwe.

Na mizimu je?

Mahali pengi katika nchi za Afrika ya Mashariki, mapango na majabali makubwa yamekuwa mahali pa kuombea na kutolea sadaka. Katika mapango ya Amboni karibu na Tanga, ambayo nayo ni ya mawe ya chokaa, wapo watu waletao sadaka zao hata katika siku hizi. Kijana wa katekumeni akimwambia babu yake kwamba ataka kuingia pangoni, huenda mzee akamjibu:

“Mjukuu wangu, mahali pale si pa kuchezea. Wapo waliolala humo.”

“Babu, sisi tumefundishwa tusiogope mizimu.”

“Sikukuambia uogope. Nimekuambia usichezee.”

Babu huyu amesema neno zuri, na kijana asiwe mwepesi wa kumcheka. Mkristo haabudu jiwe, wala hatoi sadaka kwa pango, wala hana haja ya kuogopa giza kana kwamba lina mamlaka juu yake. Hilo ni wazi. Walakini mapango mengi yalitumika zamani kuwa mahali pa wafu, na mfupa wa mtu ni mfupa wa mtu, awe alibatizwa au hakubatizwa. Mtu akiukuta asiuguse, asiupige teke, asiuchukue. Tena iko faida moja ambayo vijana waliosoma huisahau: mahali ambapo wazee walikataza watu kuingia ovyo, mara nyingi ndipo mawe yaliposalimika. Kule walikoingia watu wasio na hofu wala adabu, majina yameandikwa kwa mkaa ukutani, na ncha za stalaktiti zimekatika.

Kitu cha kuogopwa kweli pangoni

Ikiwa mtu ataka kuogopa kitu pangoni, na aogope popo, tena aogope kwa akili. Mapango ya nchi zetu hukaliwa na popo kwa maelfu. Wao si wabaya. Wengine hula wadudu, wengine hula matunda na kutawanya mbegu za miti. Lakini wapo wabebao maradhi ambayo wao wenyewe hayawaui.

Kati ya mwaka 1998 na mwaka 2000, huko Durba karibu na Watsa, kaskazini ya Bunia, ulitokea ugonjwa wa Marburg, homa kali imtokayo mtu damu, ambayo ni ndugu ya Ebola. Waliougua walikuwa 154, na 128 kati yao walikufa. Wengi wao walikuwa vijana wachimba dhahabu walioingia katika mashimo ya chini ya ardhi, ambamo popo walikuwa wengi. Ugonjwa ulirudi mara kwa mara miezi mingi, hata mgodi ulipojaa maji na watu wakashindwa kuingia, ndipo ulipokoma. Mwaka 2008 mwanamke mmoja kutoka Uholanzi alitembelea pango lenye popo katika msitu wa Maramagambo, upande wa Uganda. Aliporudi kwao aliugua Marburg, akafa. Wataalamu wamekwisha kuvikuta virusi hivyo katika popo walao matunda wakaao mapangoni.

Kwa hiyo aingiaye pango lolote na ajue haya. Asikamate popo, hata aliyekufa. Asiwale. Asiguse mavi yao kwa mikono mitupu, wala asijipanguse uso kwa mikono iliyoshika kuta. Pango lenye popo wengi lisiingiwe kabisa bila ushauri wa watu wa afya. Vijana waendao machimboni wasikie neno hili kuliko wote, kwa sababu wao huingia kila siku, na mara nyingi hakuna aliyewaambia.

Mengine ni ya busara ya kawaida. Mtu haingii peke yake. Haingii bila mwongozi ajuaye njia. Huchukua taa mbili, kwa kuwa moja ikizimika mtu hawezi kuuona hata mkono wake. Taa ya moshi haifai, maana moshi huyatia mawe weusi. Wakati wa mvua kubwa haingii, kwa sababu mto wa chini waweza kujaa kwa ghafula. Viatu viwe vya kushika utelezi. Asishike stalaktiti hata kidogo, kwani mafuta ya ngozi ya mtu huzuia maji yasiache chokaa mahali pale, na jiwe huacha kukua.

Ni nani awezaye kwenda leo?

Zamani, wakati wa Wabelgiji na hata baada ya uhuru wa mwaka 1960, wageni walikuwa wakija Hoyo, wakalala katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yao, wakaongozwa mapangoni na wenyeji. Mlima na msitu wake ulifanywa hifadhi, nayo iko chini ya ICCN, ile taasisi ya serikali itunzayo hifadhi za Kongo. Baadaye vita vya Ituri vya miaka ya 1999 hadi 2003 vilifunga njia, na eneo la Irumu likabaki na makundi yenye silaha hata vita vilipotulia kwingine. Tangu mwaka 2021 mambo yalizidi. Mwezi wa Mei mwaka huo Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwezi wa Novemba majeshi ya Kongo na ya Uganda yakaanza kupigana pamoja na kundi la ADF. Na msitu uliozunguka Hoyo ukawa maficho ya wapiganaji. Vijiji vya njia ya Komanda na Luna vilikimbiwa mara nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 watu wa kundi hilo walifika Komanda penyewe, wakawashambulia waumini waliokuwa katika ibada ya usiku kanisani, wakaua watu zaidi ya 30, wengine wao vijana wadogo.

Haya yaandikwa hapa ili msomaji asidanganywe na picha nzuri. Shule isipange safari ya Hoyo kwa kuwa mwalimu amependezwa na somo. Mtu asiende mpaka wenye mamlaka, watunza hifadhi na watu wa Komanda wenyewe waseme kwamba njia ni salama. Na wa mwisho hawa wasikilizwe kwanza, kwa maana wao ndio walalao pale. Kupotewa na mlima namna hii ni hasara ya kweli. Wapo vijana wa Irumu waliozaliwa wakiwa karibu na Hoyo kuliko mtu yeyote, wamekulia katika kambi za wakimbizi, wala hawajapata kuuona mlango wa pango moja. Waongozi wa zamani wanazeeka. Wakifa bila kumfundisha mtu njia za ndani, na jinsi ya kupita bila kuvunja kitu, maarifa yao yatatoweka pamoja nao. Na siku amani itakapokuja, wa kwanza kuingia huenda wakawa wenye nyundo na magunia.

Lakini somo la mawe laweza kuanza hata sasa, uani mwa shule. Kwa juma lijalo kila mwanafunzi na alete jiwe moja la mahali pake, la mtoni au la shambani au la njia, pamoja na limau moja, au nusu kikombe cha siki kwa wakaao karibu na duka. Kila jiwe lisuguliwe au lipondwe kidogo mpaka litoe unga, kisha lidondoshewe maji ya limau juu ya unga ule. Mengi yatakaa kimya, kwa sababu nchi ya Bunia ni ya mawe magumu. Jiwe likitoa vipovu liwekwe upande wake peke yake, na aliyelileta aulizwe sawasawa alilitoa wapi: mto gani, kilima gani, na je, karibu na hapo kuna shimo ambalo maji ya mvua huingia wala hayaonekani yakitoka.